Kutafuta mashujaa wa Euroa: hifadhidata ya nishani ya Australian War Memorial yapimwa

Euroa ni mji mdogo wa jimbo la Victoria, kilomita 150 hivi kaskazini-mashariki mwa Melbourne, wenye wakazi takriban 3,000. Mji wa ukubwa huo unajivunia Victoria Cross (VC) tatu, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Leslie Maygar alipata yake Geelhoutboom, Afrika Kusini, tarehe 23 Novemba 1901, katika vita vya Waingereza na Makaburu. Frederick Tubb na Alexander Burton walipata zao siku moja, wakilinda handaki moja, Lone Pine huko Gallipoli, Uturuki, tarehe 9 Agosti 1915. Mtu anayetaka kuandika orodha kamili ya nishani za ushujaa za mji kama huu ataanzia kwenye tovuti ya Australian War Memorial ya Canberra, jumba la taifa la kumbukumbu za vita. Hiyo ndiyo huduma inayopimwa hapa, na Euroa ndiyo mizani.

Jibu la haraka ni hili: ukiwa na jina la askari mkononi, huduma hii haina mpinzani, tena ni bure. Ukiwa na jina la mji peke yake, itakuangusha, na usipojua sababu yake utachapisha orodha yenye mapengo.

Sababu iko kwenye rekodi yenyewe. Fungua ukurasa wa tuzo wa askari yeyote wa Vita vya Kwanza vya Dunia, utaona cheo, kikosi, vita, jina la nishani, kisha tarehe na ukurasa wa Gazeti la Serikali ilikotangazwa. Mji haumo. Tuzo ilitolewa kwa askari wa batalioni fulani, na makarani wa jeshi hawakuwa na haja ya kujua alikozaliwa. Hata mahali pa kuzaliwa pangeandikwa, Euroa ingekosa mashujaa wake wote watatu: Burton alizaliwa Kyneton, Tubb alizaliwa Longwood, na Maygar eneo la Kilmore. Ni watu wa Euroa kwa sababu waliishi na kufanya kazi pale au kwenye mashamba ya jirani. Burton alikuwa akiuza vifaa vya chuma dukani. Kwa hiyo anayechuja majina kwa mahali pa kuzaliwa anaikosea miji midogo yote, maana vijana wa mashambani walihama kufuata kazi.

Njia inayofaa ni kuingilia mlango mwingine wa tovuti hiyohiyo. Kwa waliokufa vitani, tafuta fomu ya Roll of Honour. Hizi ni fomu walizotumiwa jamaa za marehemu, na moja ya maswali yake ya mwanzo linauliza askari alihusiana zaidi na mji au wilaya gani ya Australia, ili jina lake liwekwe chini ya mji huo. Kwa mtafiti wa mji mdogo hilo ni swali la dhahabu, kwa sababu jibu ni la mama, la baba au la mjane, halikutoka kwa karani. Fomu zimeskaniwa na unaweza kusoma mwandiko wao. Upungufu wake ni mmoja na ni mkubwa: waliorudi hai hawamo.

Kwa waliorudi, tumia orodha za waliopanda meli, mfululizo AWM8. Zinataja kazi ya askari, siku aliyojiandikisha, na anwani ya ndugu wa karibu. Anwani hiyo ndiyo itakayokuonyesha Euroa, au Longwood, Ruffy, Violet Town na vijiji vingine ambavyo watu wake walifanya shughuli zao mjini. Amua mapema mpaka wa "mji" wako ni upi, uuandike, usiubadilishe katikati ya kazi. Orodha nyingi za miji huharibika hapo: leo mtu wa Longwood anaingizwa, kesho mwenzake anaachwa. Hifadhidata ya AIF Project ya chuo kikuu cha UNSW Canberra (AIF ni Australian Imperial Force, jeshi la Australia la vita hivyo) inasaidia sana katika hatua hii, maana imekusanya anwani, mahali pa kuzaliwa, hatima na nishani kwenye ukurasa mmoja. Itumie kama ramani, kisha urudi kwenye nyaraka zenyewe kuthibitisha.

Ukishapata majina, sasa ndipo utamu wa huduma hii unapoonekana. Mfululizo AWM28 una mapendekezo ya nishani za jeshi la AIF la 1914 hadi 1918, na kurasa zake zimeskaniwa. Fomu ni pana, imepigwa taipu, ina safu za kikosi, namba, cheo na jina; safu kubwa ya katikati ni ya kitendo alichosifiwa; kisha jina la aliyependekeza, na mwisho kabisa nishani iliyopendekezwa. Iangalie kwa makini safu hiyo ya mwisho. Mara nyingine utakuta nishani moja imekatwa kwa kalamu na nyingine, ya daraja la chini, imeandikwa pembeni kwa mkono. Mstari huo mwembamba wa wino unaonyesha kwamba ofisa wa batalioni aliomba nishani kubwa na mkubwa wake akaona vingine. Hakuna bamba la ukumbusho mjini litakalokueleza hivyo.

Uzito wa AWM28 unatokana na jambo moja ambalo wengi hawalijui. Majina ya waliopewa Military Medal (MM) yalitangazwa kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, lakini kwa kawaida bila maelezo ya walichofanya. Familia inapata tarehe na jina, basi. Maelezo yako kwenye pendekezo peke yake. Kwa hiyo kila MM ya mji wako isiyo na hadithi, usiiache hivyo mpaka uwe umefungua AWM28. Tovuti inatenganisha rekodi za "pendekezo" na rekodi za "tuzo", na hili huleta makosa mawili. Kosa la kwanza ni kuhesabu pendekezo kama nishani. Wako waliopendekezwa wasipewe kitu. La pili ni kumhesabu mtu mara mbili, kwa sababu tuzo moja huweza kuwa na tarehe ya London Gazette na tarehe nyingine ya baadaye ya Gazeti la Serikali la Australia. Chukua tarehe ya London kama kitambulisho, nyingine iandike pembeni tu. VC za Tubb na Burton, kwa mfano, zilitangazwa London tarehe 15 Oktoba 1915, ndani ya gazeti moja na za wenzao wengine wa Lone Pine.

Maelezo ya VC, tofauti na ya MM, yalichapishwa, na ya Lone Pine yanastahili kusomwa polepole. Luteni Tubb alikabidhiwa handaki lililotekwa muda mfupi kabla. Waturuki walirudi kwa nguvu na kulipua kizuizi cha mifuko ya mchanga hadi kikabaki kimo cha futi moja. Tubb aliwarudisha watu wake, wakawafukuza adui, wakakijenga upya. Kililipuliwa mara mbili zaidi, na kila mara akakishikilia, huku amejeruhiwa kichwani na mkononi. Burton na William Dunstan ndio waliokuwa wakipanga mifuko chini ya mvua ya mabomu ya mkono, na Burton akauawa na bomu akiwa katika kazi hiyo. Batalioni yao, ya 7, peke yake ilitoka Lone Pine na VC nne, kati ya saba walizopata Waaustralia pale.

Hapa kuna sheria ambayo tovuti inapaswa kuiweka wazi juu ya kila ukurasa wa matokeo, na haifanyi hivyo. Wakati wa vita vile, mtu aliyeuawa angeweza kupewa VC au kutajwa kwenye ripoti ya kamanda, ile inayoandikwa MID. Nishani za kati, yaani DSO (Distinguished Service Order), MC (Military Cross), DCM (Distinguished Conduct Medal) na MM, hazikutolewa kwa marehemu, isipokuwa kama pendekezo lilikuwa limeshapita kabla hajafa. Burton alipata VC akiwa amekufa. Kama kitendo chake kingehesabiwa kuwa cha daraja la DCM, jina lake lisingekuwepo kabisa kwenye orodha ya nishani. Kwa hiyo usiandike kamwe kwamba askari fulani wa mji "hakupata nishani" kana kwamba hakufanya kitu. Kama aliuawa siku ya tukio, tafuta MID, kisha soma shajara ya vita ya batalioni yake, ambayo pia iko kwenye tovuti hiyohiyo.

Tarehe za kuanzishwa kwa nishani nazo zichunge. MC ilianza Desemba 1914 na ilikuwa ya maofisa na maofisa wateule. MM ilianza Machi 1916 kwa askari wa vyeo vya chini. Ndiyo maana askari wa kawaida aliyepigana Gallipoli mwaka 1915 utamkuta zaidi na DCM kuliko MM. Halafu kuna nishani tatu ambazo karibu kila familia inazo sandukuni na kuziita za ushujaa: 1914-15 Star, British War Medal na Victory Medal. Hizo ni za kushiriki vita. Ukimkuta mtu na hizo peke yake, mwandike kwenye orodha ya waliotumikia, si ya tuzo. Jani dogo la shaba juu ya utepe wa Victory Medal, hilo ni jambo lingine: ni alama ya MID, na ni la kuhesabiwa.

War Memorial haina faili za utumishi. Ziko National Archives of Australia. Ingia RecordSearch, chagua utafutaji wa jina, weka Vita vya Kwanza vya Dunia, na utafute mfululizo B2455. Faili hizi zimeskaniwa na kuzisoma mtandaoni ni bure. Ruka fomu ya kujiandikisha mwanzoni, nenda moja kwa moja kwenye fomu B103 ya matukio ya askari akiwa vitani, kwa sababu hapo ndipo karani aliandika "awarded M.M." na tarehe yake. Karibu na mwisho wa faili huwa kuna barua za kumtumia ndugu dondoo la Gazeti na stakabadhi za kupokea nishani. Usitegemee namba ya utumishi pekee: kila kikosi kilikuwa na mfuatano wake, hivyo namba moja ina watu wengi, na maofisa kama Tubb hawakuwa nayo. Maygar wa 1901 anakupeleka kwenye mfululizo mwingine, B4418, na huko mategemeo yako yawe madogo. Faili za Vita vya Makaburu ni nyembamba.

Gazeti la mji, Euroa Advertiser, linasomeka bure kwenye Trove ya Maktaba ya Taifa. Maandishi yake yalisomwa na mashine na yana makosa mengi, hivyo tafuta "Tubb" na pia "Tubh" na "Tuhb", na usahihishe mistari uliyopitia kwa faida ya atakayekuja nyuma yako.

Mwanya mkubwa wa mwisho ni wa Waaustralia waliojiunga na majeshi mengine, na mfano wake uko karibu nasi. Wilbur Dartnell alizaliwa Collingwood, Melbourne, lakini alipigana Afrika Mashariki na batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, kikosi cha Uingereza. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, Kenya, alikuwa amejeruhiwa mguuni na tayari anabebwa kuondolewa, akaona majeruhi wenzake hawawezi kuchukuliwa. Akasisitiza aachwe naye pale, akitumaini kuwaokoa. Aliuawa, akapewa VC. Ukimtafuta B2455 hutampata, wala kwenye mapendekezo ya AWM28, kwa sababu hakuwa wa AIF. Ni lazima uende kwenye nyaraka za Uingereza. Kila mji mdogo wa Australia unaweza kuwa na mtu kama yeye, anayejulikana nyumbani na asiyeonekana kwenye hifadhidata. Huyu wa Maktau kaburi lake liko Voi.