Nguvu ya soda haifiki alfajiri: uzoefu wangu na Core i9-14900K na Ryzen 9 9950X

Kwa miezi minane nimefanya kazi na kompyuta mbili za mezani zilizokaa ubavu kwa ubavu chini ya meza moja. Moja ina Intel Core i9-14900K, nyingine ina AMD Ryzen 9 9950X. Mchana nahariri video, usiku narenda katuni za 3D, yaani kuigeuza michoro ya kompyuta kuwa picha kamili, na kazi zote mbili zinakamua prosesa kweli kweli. Nilichotaka kujua ni kimoja tu: ipi kati ya hizi naweza kuikabidhi kazi ya kulala nayo, ile unayoiwasha saa nne usiku ukitegemea kuikuta imekamilika alfajiri.

Mapitio mengi niliyosoma kabla ya kununua yalipima dakika 10, yakatoa alama, yakafunga. Kwa dakika 10 prosesa yoyote ya daraja hili ni simba. Mimi nimejifunza kuichungulia ikiwa kazini saa ya tatu, chumba kimeshapata joto, maji ya kipozeo yameshapata moto kiasi chake, na feni zimeshasema zote zilizonazo.

Kwanza maumbile yake. 14900K ilitoka Oktoba 2023 ikiwa na viini 24 (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu), yaani vikubwa 8 vya kazi nzito na vidogo 16 vya kusaidia. Kila kiini kikubwa hubeba nyuzi mbili, yaani mistari miwili ya kazi kwa wakati mmoja, kila kidogo hubeba mmoja, jumla nyuzi 32. 9950X ilitoka Agosti 2024 na ina viini 16, vyote vya ukoo mmoja wa Zen 5, muundo wa viini vya AMD, kila kimoja na nyuzi mbili. Jumla ni 32 zile zile. Kwa hiyo mtu akikwambia 24 ni zaidi ya 16, amehesabu vichwa bila kuuliza nani anabeba mzigo gani. Ndani pia zimejengwa tofauti: hii ya Intel ni kipande kimoja cha silikoni, wakati ile ya AMD ni vipande vitatu, viwili vyenye viini 8 kila kimoja na cha tatu kinachoshughulikia RAM na mawasiliano na vifaa vingine.

Ili nisidanganyike, nilizipa vitu sawa. RAM ya DDR5 GB 64 katika vijiti viwili, SSD za aina moja, vipozeo vya maji vya aina moja vyenye feni 3 kila kimoja, na wakati wa vipimo kadi ya michoro ilikuwa ile ile, naitoa huku naitia kule.

Siku ya kwanza ya ubao wa Ryzen ilinitoa jasho. Nimefunga kila kitu, nimebonyeza kitufe, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Dakika moja. Dakika mbili. Taa ndogo ya rangi ya chungwa kwenye ubao mama, ile iliyoandikwa DRAM, ikawaka bila kuzima. Nilishaanza kufungua skrubu za kipozeo nikiamini nimepinda kitu kwenye soketi, ndipo picha ikatokea. Kumbe bodi za AM5, soketi ya Ryzen hizi, zikiwashwa mara ya kwanza huwa zinajifunza RAM yake, zinajaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine hadi zipate inayotulia, na kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Ukibadilisha RAM au ukisasisha BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, inaweza kurudia. Kama unajenga kompyuta ya namna hii, iwashe, kaa mbali nayo, usiguse kitu.

Upande wa 14900K kisa kilikuwa kingine, na lawama yake naiweka kwa waliotengeneza ubao mama wangu, ambao sitawataja. Kwa kawaida yake, prosesa hii ina kikomo cha wati 253 inapofanya kazi kwa nguvu zote. Ubao niliopewa ulikuja kutoka kiwandani kikomo hicho kikiwa kimeondolewa. Nilipoanza kurenda kwa mara ya kwanza, kipimo cha HWiNFO, programu ya kupima joto na umeme, kilipita wati 300 na joto likagonga nyuzijoto 100, ambapo prosesa hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Nililipia kasi, nikapata kelele. Niliingia BIOS, nikarudisha kikomo cha 253, na muda wa kurenda haukubadilika kwa kiasi cha kuutaja. Zile wati za ziada zote zilikuwa zinageuka joto tu.

Hapo ndipo neno nguvu ya soda liliponikaa kichwani. Kwenye boksi la 14900K wameandika GHz 6.0, na ni kweli zipo, nimeziona kwa macho yangu. Lakini zinapatikana kwa viini viwili bora tu, tena prosesa ikiwa chini ya nyuzijoto 70. Ukifungua programu, ukibofya menyu, ukipaka rangi picha moja, unazipata, na kompyuta inakuwa nyepesi kama unyoya. Ukiipa kazi viini vyote 24, kofia hiyo inavuliwa mara moja. Simaanishi Ryzen haifanyi hivyo. GHz 5.7 za kwenye boksi lake nazo ni za kiini kimoja au viwili, na viini vyote vikiwa kazini inashuka hadi kwenye 5 hivi. Ila imeshuka kutoka kilima kifupi zaidi, na ikifika pale inatulia.

Sasa takwimu zangu. Nina kipande cha katuni cha fremu 48 ambacho hukitumia kupima, chenye msitu na ukungu, kizito mno kuingia kwenye kumbukumbu ya kadi yangu ya michoro, ndiyo maana kinarendwa na prosesa. 14900K ikiwa kwenye wati 253 ilikimaliza kwa takriban dakika 47. 9950X kwenye mipangilio yake ya kawaida ilitumia dakika 40. Tofauti ya dakika 7 kwa kipande kimoja inaonekana ndogo. Kwa usiku mzima ni vipande viwili zaidi.

Lakini kilichonishangaza hakikuwa hicho. BIOS ya AM5 ina hali ya kubana umeme, Eco Mode. Nilichagua daraja la 105, ambalo licha ya namba hiyo huruhusu soketi ivute hadi wati 142. Kipande kile kile kilichukua dakika 43. Rudia kusoma hapo: nimeiondolea prosesa zaidi ya robo ya umeme wake, ikanidai dakika 3. Joto lilitoka kwenye nyuzijoto 95, ambacho ndicho kikomo chake, likashuka hadi sabini na kitu, na feni zikawa hazisikiki mlango ukifungwa. Nilipopiga hesabu ya umeme kwa kipande kimoja, prosesa peke yake, Ryzen iliyobanwa ilitumia karibu nusu ya ile ya 14900K. Kwa kazi ya saa 8 tofauti inakaribia uniti nzima kila usiku, na uniti hiyo isipoenda kwenye kazi inaenda kwenye hewa ya chumba unacholala.

Haki itendeke. 14900K nayo hubanwa, na nimeibana hadi wati 125. Inakuwa na adabu, inapoa, ila inapoteza kasi zaidi ya jirani yake katika kurenda. Teknolojia iliyoitengeneza, Intel 7, ni ya zamani kuliko ile ya nanomita 4 ya TSMC iliyotengeneza viini vya 9950X, na kwenye kazi ndefu za viini vyote umri huo unaonekana.

Siwezi kuandika kuhusu 14900K nikanyamaza juu ya suala la utulivu. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 za mezani zilikuwa zikipokea volti kubwa kupita kiasi katika hali fulani, na baadhi zikadhoofika hadi kompyuta kuanza kukwama. Ilitoa marekebisho, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, ikaongeza dhamana kwa miaka 2. Marekebisho hayo huzuia madhara, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Ya kwangu haijawahi kunikwamia hata siku moja, lakini nilisasisha BIOS kabla sijaipa kazi yoyote, na ukinunua iliyotumika lazima umuulize mwenyewe alisasisha lini.

Hadi hapa utadhani nimeshachagua. Ngoja tufike mchana.

Kamera yangu hurekodi 4K ya H.265 (mbinu ya kubana video), biti 10, kwa mfumo wa 4:2:2, yaani taarifa za rangi mara mbili ya zile za 4:2:0 zilizozoeleka. Kwa anayepaka rangi video, hiyo ni mali. Tatizo ni kuifungua. Ndani ya 14900K kuna sehemu ya michoro yenye Quick Sync, ambayo hufungua faili hizi kwa mashine maalumu bila kuvisumbua viini. Naweka kamera tatu kwenye mstari mmoja wa kuhariri, nabonyeza kucheza, zinacheza. Narudi nyuma, zinafuata kidole. Sehemu ya michoro iliyo ndani ya 9950X haifungui 4:2:2, na kadi yangu ya michoro, ambayo ni ya kabla ya mwaka 2025, haifungui pia. Basi viini 16 vinafanya kazi hiyo kwa mikono. Kamera moja sawa. Kamera mbili unaona inasita. Ya tatu, fremu zinarukwa, na kila ukisogeza kiashiria unasubiri kidogo. Ni kusubiri kwa nusu sekunde, lakini mhariri husogeza kiashiria mara elfu kwa siku, na ifikapo jioni umechoka bila kujua umechoshwa na nini. Prosesa iliyomshinda mwenzake kwa dakika 7 usiku ilishindwa mchana na kipande kidogo cha silikoni ambacho wengi hawakitaji hata kwenye mapitio.

Video ikikamilika, meza inageuka tena. Kusimba toleo la mwisho la AV1, mbinu nyingine ya kubana video, kwa prosesa, 9950X iko mbele, na nadhani maagizo ya AVX-512, yanayochakata namba nyingi kwa mpigo, yana mchango wake. Zen 5 ya mezani inayatekeleza kwa upana wake wote wa biti 512, na 14900K hainayo kabisa.

Gemu nitazisema kwa kifupi. Zote mbili zinatosha na kubaki. Lakini kama unanunua kwa ajili ya gemu tu, acha zote mbili, chukua Ryzen 7 9800X3D, yenye viini 8 na kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96. Gemu hupenda kache kuliko wingi wa viini.

Kuhusu Core Ultra 9 285K ya Oktoba 2024, nimeitumia wiki moja tu kwa rafiki. Ina viini 24 na nyuzi 24, maana Intel waliondoa nyuzi mbili mbili. Inakula umeme kwa heshima kuliko 14900K na inafungua 4:2:2 vilevile. Wiki moja hainipi haki ya kusema zaidi.

RAM nayo inahitaji tahadhari. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba kuongeza vijiti viwili juu ya viwili hakuna shida. Shida ipo. Kwenye 9950X kasi rasmi ya vijiti viwili ni 5600, ya vijiti vinne ni 3600. Ukitaka GB 96, nunua vijiti viwili vya 48 tangu mwanzo. Kwa Intel pia vijiti vinne hupunguza kasi.

Na soketi. LGA1700, soketi ya 14900K, imefika mwisho wa safari yake na kizazi cha 14. Ukitaka kupanda tena unabadilisha ubao. AM5 AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Ubao wangu ulikuwa na 7950X kabla ya hii. Nilisasisha BIOS, nikafungua mkono wa soketi, nikabadilisha prosesa, nikafunga. Saa moja, pamoja na kufuta pesti ya joto ya zamani.

Nilichofanya mwishowe ni hiki. 9950X imebaki kuwa mashine yangu kuu, imebanwa kwenye daraja la 105 na sijairudisha. Kwenye nafasi ya pili ya kadi (PCIe) nimeweka kadi ndogo ya Intel Arc, kazi yake kufungua 4:2:2 tu, na kamera tatu sasa zinacheza. 14900K nimemhamishia mdogo wangu ambaye anahariri video bila kurenda, ikiwa na kikomo cha wati 125, na anaisifu kila siku. Usiku wa kuamkia leo 9950X imerenda fremu zaidi ya 500 bila kukwama. Nilipoamka nilisogeza kipanya nione kama imewaka, maana sikusikia kitu.