Foili ya Paa: Upande Unaong'aa Utazame Wapi?

Habari za mchana, watazamaji wangu, na karibuni uani kwangu hapa Mbagala, ambako tangu asubuhi nimelilaza bati hili la rangi juu ya viti viwili ili tuijaribu foili ya mapovu, yaani karatasi ya plastiki yenye vipovu vya hewa, upande mmoja alumini inayong'aa na upande wa pili plastiki nyeupe, ile ambayo kila duka la vifaa vya ujenzi linaisifu kuwa ndiyo dawa ya joto la paa. Unene na upana wake nauruka, kwa kuwa vimeandikwa kwenye roli. Kinachoniudhi ni namna inavyouzwa na namna inavyofungwa.

Muuzaji wangu alitoa kipimajoto cha kumulika, kile chenye umbo la bastola, akakielekeza kwenye bati kikasoma zaidi ya digrii 60, kisha akakielekeza kwenye foili iliyokuwa juani papo hapo, namba ikaporomoka. Tuliokuwepo tuliduwaa, nami nikalipa. Kumbe kifaa kile husoma mionzi ya joto, na alumini inayong'aa hutoa mionzi kidogo mno hata ikiwa ya moto, kwa hiyo namba ile haikuwa joto la foili hata kidogo.

Mkono haudanganyiki hivyo. Tazameni: naupitisha chini ya bati, shubiri moja hivi, bila kuligusa, na mgongo wa kiganja unahisi kama niko kando ya jiko la mkaa. Naingiza kipande cha foili katikati, kisiguse bati wala mkono, na joto linakatika mara moja. Sasa naibana foili kwenye bati, upande unaong'aa ukiwa juu na plastiki nyeupe ikiutazama mkono wangu. Subirini kidogo. Naam, joto linarudi, si lote, lakini linarudi, kwa sababu bati linaipasha foili kwa kugusana nayo, na ile plastiki inalimwaga chini. Nikiigeuza, ule mng'ao ukatazama chini, mkono unapoa tena ijapokuwa foili bado imegandana na bati.

Maana yake ni kwamba mng'ao haufanyi kazi usipokuwa na hewa mbele yake. Fundi wangu aliibana foili baina ya bati na papi, zile mbao zinazolibeba, nyeupe ikatazama chini kwa kuwa, kwa maneno yake, "inapendeza". Mng'ao ukitazama chini hupata hewa ya darini, na vumbi halitui juu yake. Ukitazama juu, hata ukiachiwa nafasi, vumbi huutia ukungu mwaka hadi mwaka.

Mtaniuliza kuhusu pamba ya kioo, lile tandiko la nyuzi laini za kioo la kuzuia joto. Uingereza hutandikwa darini kwa unene wa milimita 270, lakini wao wanazuia joto lisitoroke kupitia juu wakati wa baridi. Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, na joto la bati hushuka zaidi kwa mionzi, kwani hewa ya moto yenyewe hupenda kubaki juu. Ndiyo maana foili inatufaa, tena kwa bei nafuu, mradi uulize bei ya mita ya mraba badala ya bei ya roli. Hata hivyo nakiri kwamba mvua ikinyesha, pamba hupunguza kelele za bati kuliko foili, nami masika haya nimeitamani. Mapovu hayo pia ni plastiki na huwaka, hivyo nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba yake.

Kama kwako nyeupe imeshatazama chini, usiezue paa. Funga foili ya pili chini ya kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, mng'ao ukiangalia silingibodi, na uache nafasi ya sentimita mbili na nusu au zaidi. Yangu naifunga Jumamosi, na kamera nitaipandisha darini.