Ekzosi mbili nimepata, katalitiki yangu iko wapi?

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya kuchomelea peke yake, kwa sababu yule fundi ana mkono, siwezi kumnyima haki yake. Mengine yote ya gereji ile ya Shimanzi, hapa Mombasa, nawaachia wenyewe na Mola wao.

Sailensa ya gari langu ilikuwa imeoza. Si ajabu: gari linalovuka Likoni kila kukicha na kulala kwenye upepo wa bahari, bomba lake halizeeki. Nilikwenda kutaka bomba jipya, basi. Mwenye gereji mwenyewe ndiye aliyeanza, "Mzee, si nikutolee mbili? Huku moja, huku moja, likae kama Toyota Mark X." Bei tukapatana, na mpaka leo sisemi kwamba nilikosea kukubali. Gari limependeza. Vijana wa Nyali wakiingia huniuliza nimetia injini gani. Linanguruma kwa chini, kwa heshima, si ule ukelele wa matatu za usiku pale Buxton unaoamsha watoto.

Nguvu halikuongeza, wala sikuitarajia. Injini yangu ni ya silinda nne zilizojipanga mstari mmoja. Moshi wote hutoka kwenye manifoldi moja, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, hupita bomba moja chini ya gari, na kugawanyika huko nyuma karibu na bampa. Hilo ni pambo. Ekzosi mbili za haki ni za injini za V, V6 na V8, zenye safu mbili za silinda, ambapo kila safu ya silinda yaweza kuwa na njia yake tangu mwanzo hadi mwisho. Hayo nayajua, na pambo nililipia kama pambo. Sikulipia kuibiwa.

Gari halijamaliza wiki, taa ya injini ikawaka. Nikapiga simu gereji. "Hayo mambo ya umeme mzee, tafuta fundi wa umeme." Simu ikakatwa. Haya, nikatafuta. Kijana akachomeka mashine yake, ikasoma namba ya hitilafu, P0420, akaifuta, taa ikazima. Baada ya muda ikarudi tena.

Sasa, mimi nabeba abiria, na gari la abiria nchini hapa lazima likaguliwe kila mwaka. Siku ikafika. Mkaguzi alikuwa binti mdogo, mpole, ananiita baba. Akatia mrija wa mashine kwenye bomba la kulia, gari likinguruma bila kukanyagwa, kisha akaniambia nikanyage mafuta kidogo nishikilie hapo. Kaboni monoksaidi ikapanda mpaka nikadhani mashine ni mbovu. Nikamwambia, "Binti yangu, hili lina mabomba mawili, pima na la pili." Nilikuwa nimesikia habari za California, ambako wana ukaguzi wa moshi tangu 1984, kwamba gari lenye njia mbili zilizotengana hutiwa mirija miwili kwa pamoja, mmoja kila bomba. Hakubisha. Akapima la kushoto. Yale yale. "Baba, hapa ni moshi mmoja umetokea milango miwili," akasema. Kisha akashuka shimoni na tochi, akamulika, akanyamaza kidogo, akauliza, "Katalitiki iko wapi?"

Asiyeijua, katalitiki ni lile kopo linalokaa kwenye bomba karibu na injini. Ndani yake mna kitu cha kauri chenye matundu madogo madogo kama sega la nyuki, kimepakwa platini, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa na joto, kaboni monoksaidi hugeuzwa kuwa kaboni dioksaidi, na petroli ambayo haikuungua vizuri humalizikia hapo. Kuna kihisi cha oksijeni mbele yake na kingine nyuma, na cha nyuma kikiona moshi umepita vile vile ulivyoingia, taa inawaka. Kumbe P0420 ndiyo hiyo! Umeme gani? Na hiyo rodiamu, wenzangu, bei yake imewahi kuiacha dhahabu mbali sana. Ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu hulitafuta kopo hilo wakaacha gari zima.

Kinachonikata maini ni hiki: gari lilitoka Japani, likakaguliwa huko kabla ya kupakiwa, likashushwa Kilindini na kila kitu chake. Shimanzi iko ubavuni mwa bandari. Limevuka bahari nzima salama, likaja kuvuliwa hapo hapo mlangoni.

Nikarudi gereji. Mwenyewe nimemkuta amekaa juu ya tairi, kikombe cha kahawa tungu mkononi, wanafunzi wake wamemzunguka. Nikasalimu, nikauliza kwa adabu kabisa, katalitiki yangu iko wapi. Hakuinua macho.

"Ilikuwa imeziba. Nimekufanyia wema."

"Basi nipe hiyo iliyoziba, ni mali yangu."

Ndipo akaniangalia. "Mzee, ulikuja na bomba moja, umeondoka na mawili. Wataka nini tena?"

Wale vijana wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akaweka chini nyundo. Mimi nina wajukuu, na nimecheka­cheka na mafundi maisha yangu yote, lakini siku ile niliondoka mikono inanitetemeka kwenye usukani. Hata hela sizihesabu tena. Ningeambiwa tu, "Mzee, tumeiuza, tukate kwenye bei," ningegomba, tungemalizana. Lakini kuniambia wema!

Ukitaka kutengenezewa ekzosi pale, kaa uvunguni pamoja nao. Ukienda kunywa chai, umekwisha. Waambie waguse nyuma ya katalitiki tu, kwani sailensa na mabomba ya nyuma hayana uhusiano na usafi wa moshi mradi yasivuje. Na picha ya uvungu piga kabla hujawapa ufunguo.

Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kusema msiende kabisa. Lakini kwanza nikapeleka gari kwa mafundi wengine, Changamwe na Jomvu, wanitilie katalitiki niliyoipata kwenye gari lililogongwa. Wa kwanza alichomelea pakavuja siku ile ile. Na tundu la mbele ya kihisi huvuta hewa, kihisi kinadhani petroli haitoshi, injini inazidisha mafuta, moshi unazidi ubaya. Wa pili alitaka kukata mabomba yangu yote mawili aanze upya. Kisha nikalala chini nikatazama zile weldi za Shimanzi. Zimenyooka, hakuna tone lililozidi, hakuna panapopumua.

Nyota mbili, basi. Nimempigia simu jana, akasema nilete, na kazi hiyo ataniondolea gharama. Hakuomba radhi. Jumatatu nampelekea, na stuli yangu ya kukalia naenda nayo.