Tahadhari: Anayeuza kompyuta ya gari kwa gari linalopiga starta lakini haliwaki

Assalaamu alaykum. Ninawaandikia wenye magari wa Unguja na Pemba, hasa wenye haya magari madogo ya Toyota yaliyojaa kwetu, kuhusu mtu anayejitambulisha kuwa fundi wa umeme wa magari, anayezunguka baina ya Chake Chake, Wete na Konde akiwa na mashine yake ya kupimia, na ambaye amechukua kwangu shilingi 650,000 kwa kompyuta ya gari, yaani kisanduku cha umeme kinachoongoza injini, ambayo hakuifunga katika gari langu. Jina lake silitaji kwa sababu shauri liko polisi, na pia kwa sababu nimeambiwa kuwa kwa wengine amejitambulisha kwa jina jingine. Ninachotaka mkijue ni namna anavyofanya.

Gari langu lina injini ya 1NZ. Kwa muda wa wiki mbili lilikuwa likizimika ghafla linapopata moto, kisha likishapoa linawaka kama kwamba halikuwa na tatizo lolote. Mara ya kwanza lilituzimikia Mtambile, nikiwa ninamrudisha mama kutoka kliniki Mkoani, tukakaa chini ya mwembe karibu saa nzima naye mgonjwa. Siku chache baadaye likagoma kabisa nyumbani Wete: starta inazungusha injini kwa nguvu, betri nzima, lakini injini haishiki. Asubuhi ile nilirekodi video fupi ya dashibodi nikampelekea kaka yangu aliyeko Unguja, ili anishauri. Sikujua kwamba video hiyo ndiyo ingekuja kuwa ushahidi wangu.

Bwana huyu aliletwa na jirani kwa nia njema. Alifungua boneti, akashika huku na huku, akaniambia kazi ni ndefu na kwamba kama nina shughuli niende. Ilikuwa imeshaadhiniwa Alasiri, nikaenda msikitini. Niliporudi alinikalisha kwenye kiti cha dereva, akaniambia niwashe swichi bila ya kupiga starta, akanionesha kwamba taa ya injini katika dashibodi haiwaki. Kisha akachomeka mashine yake, nayo ikaandika kuwa haiwezi kuwasiliana na gari. «Kompyuta imekufa,» akasema, «na ikifa hiyo gari ni boksi tu.» Alinitolea kasha la bati lenye alama ya kuungua, akadai ndilo alilolitoa, na akasema jingine zima analo, la gari la Japani, kwa shilingi 650,000. Nililipa kwa simu. Akainama nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria, akashughulika dakika kama 20, akaniambia niwashe swichi tena. Taa ya injini ikawaka, nami nikamshukuru Mungu. Gari lilipokataa kuwaka, alisema sasa limebaki jambo dogo, kompyuta inahitaji kuingizwa programu ambayo iko Unguja, akaomba shilingi 150,000 za kuifuata. Hizo nazo nilimpa. Tangu siku hiyo simu yake haipokelewi.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi wa Chake Chake, ambaye kwanza alikaa akaitazama ile video ya asubuhi mara tatu kabla ya kugusa gari. «Mwanangu, hebu angalia hapa,» akaniambia, na kidole chake kikaonesha taa ya injini: ilikuwa inawaka. Kompyuta iliyokufa haiwashi taa ile. Kisha akanionesha mshale wa mizunguko ya injini, ambao wakati starta inazunguka ulikuwa umelala kwenye sifuri, hautikisiki. Katika magari mengi mshale huo hunyanyuka kidogo wakati wa kupiga starta, kwa sababu kompyuta inapokea habari kutoka sensa ya krenki, kifaa kidogo kinachohisi mzunguko wa shafti ya injini, kwamba injini inazunguka. Ukilala kabisa, sensa hiyo au waya zake ndizo za kushukiwa mwanzo, na bila ya habari ile kompyuta haijui wakati wa kutoa cheche kwenye plagi wala wa kufungua injekta zinazonyunyiza mafuta. Sensa inayokufa kwa joto na kufufuka ikipoa, kabla ya kufa moja kwa moja, ni ugonjwa unaojulikana, na mimi nilikuwa nimemweleza yule bwana habari yote ya Mtambile kwa kinywa changu.

Mzee alipochomeka mashine yake, ilisoma namba P0335, ambayo ndiyo namba ya hitilafu ya njia ya sensa ya krenki. Sensa yenyewe katika injini hii hukaa mbele, karibu na puli ya krenki, na imeshikwa kwa bolti moja. Niliinunua kwa shilingi 45,000. Gari likawaka kwa starta ya pili.

Basi ule ujanja wa taa ulikuwaje? Mzee alichomoa fyuzi ya mfumo wa injini kwenye boksi la fyuzi, akawasha swichi: taa ya injini ikazimika, na mashine ikaandika kuwa haiwezi kuwasiliana na gari, ingawa yenyewe inawaka kwa sababu inapata umeme kwa fyuzi nyingine. Akairudisha fyuzi, kila kitu kikarudi. Ndivyo nilivyofanyiwa nikiwa katika sala. Na tulipofungua ile sehemu aliyodai kufunga kompyuta nyingine, tulikuta vumbi la miaka juu ya kasha na bolti zake hazijawahi kuguswa na spana. Kompyuta ni ileile iliyokuja na gari. Lile kasha lililoungua sijui alilitoa gari gani, lakini soketi zake hata haziingiliani na waya za gari langu, jambo ambalo ningeliona kwa macho yangu kama ningeomba kulijaribisha.

Kwa hiyo ndugu zangu, gari likipiga starta bila ya kuwaka, rekodini dashibodi kwa simu kabla ya fundi yeyote kufungua boneti: kwanza swichi ikiwa imewashwa tu, halafu wakati starta inazunguka. Video ioneshe taa ya injini, taa ya ufunguo (ya kinga ya wizi) kama ipo, na mshale wa mizunguko. Taa ikiwa iliwaka asubuhi na jioni haiwaki, ombeni fyuzi na rilei (swichi ndogo za umeme) zikaguliwe mbele yenu kabla ya jambo jingine lolote. Mashine ya kupimia nayo isomwe mbele yenu, na namba iliyotokea ipigwe picha. Fundi anayetaja kompyuta kabla ya kutazama kama cheche ipo na mafuta yanafika, huyo msimpe hata senti moja.

Kuna hila nyingine ambayo jirani yangu wa Gando alikutana nayo, ingawa siwezi kuthibitisha kuwa ni mtu huyuhuyu. Aliambiwa awashe swichi asikilize kama pampu ya mafuta inalia, na kwa kuwa palikuwa kimya akauziwa pampu. Magari mengi pampu hulia sekunde mbili hivi swichi inapowashwa, lakini baadhi ya Toyota pampu haianzi mpaka starta izunguke, hivyo ukimya ule peke yake si ushahidi wa kitu. Mafuta hupimwa kwa kuangalia presha yake wakati starta inazunguka.

Na jambo la mwisho kuhusu kifaa chochote kinachosemwa kuwa kimebadilishwa: kitolewe mkiwapo, kipigwe picha namba yake kabla na baada, na kile cha zamani kibaki kwenu, hata kama muuzaji anasema anakihitaji.

Mimi nimeripoti polisi, na malalamiko mengine nayapeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Video, namba ya simu iliyopokea fedha na ujumbe wa malipo yote mawili nimevihifadhi. Aliyefanyiwa kama mimi, hapa Pemba au Unguja, asifute ujumbe wake wa malipo, aandike tarehe na kiasi alichotoa, na aende navyo kituo cha polisi kilicho karibu naye.