Fito za kioo cha rangi ya chungwa: nzuri, lakini zina hasira

Robo kilo nzima nimeimaliza, kwa hiyo nadhani nimeshapata haki ya kuzisema. Ni zile fito nzito zisizopitisha mwanga, ninazoyeyusha kwa mwali wa tochi ya gesi na oksijeni kutengeneza shanga; ni za kioo laini cha 104 (namba ya jinsi kioo kinavyotanuka kikipata moto), unene wa kama milimita 6. Nazipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeinyima kwa sababu ya paja langu.

Ncha ya ufito huu ukiiingiza motoni ghafla, inalia "tak!" na kipande kinaruka. Changu kilitua kwenye suruali na kupenya mpaka kwenye ngozi. Siku hizi naulaza kwanza juu ya tanuri ninamopoozea shanga polepole, upate uvuguvugu, kisha naipitisha ncha kwenye mkia wa mwali, naitoa, nairudisha, mpaka ikubali. Nyeupe haijawahi kunidai adabu zote hizi.

Halafu kuna suala la rangi yenyewe. Ikishika moto, uchungwa wote unatoweka: inakuwa nyekundu ya damu, kisha inaelekea kahawia. Ushanga wangu wa kwanza niliutazama nikajua nimeuunguza, nikautumbukiza kwenye bakuli la maji kwa hasira pamoja na kijiti cha chuma nilichouviringishia. Ukapasuka vipande, bila shaka. Nilipokwenda kumwaga maji, vipande vile vilikuwa vya chungwa safi, vinang'aa kuliko ufito wenyewe! Kumbe kinachoipa rangi ni kadimiamu pamoja na seleniamu, na kioo cha namna hiyo hubadilika sura kikiwa cha moto, kisha kikipoa kinarudi. Basi usiuhukumu ushanga mpaka utoke tanurini.

Ila kuungua kweli nako kupo. Ukiufanyia kazi karibu na mdomo wa tochi, uso unachemka, unaota vitundu kama vya sindano, na kahawia inayobaki hapo hairudi tena. Ukipunguza oksijeni unapata utando wa kijivujivu. Mimi nafanyia kazi mbali, mwali ukiwa na oksijeni ya kutosha, na nakubali kwenda polepole. Mwenye haraka achukue rangi nyingine.

Nilichokipenda zaidi sikukitarajia. Niliweka vitone vya kioo cha rangi ya feruzi juu ya chungwa, na kila kitone kikajizungushia mstari mweusi mwembamba, kama kilichopakwa wanja. Ni shaba iliyomo kwenye feruzi inapokutana na salfa iliyomo kwenye chungwa. Wengine wanaona ni uchafu. Mimi natengenezea magamba ya samaki, na wino sinunui.

Kwa ajili ya hiyo kadimiamu, usisage wala kupiga tupa ushanga ukiwa mkavu. Lowesha, na feni ya kutolea hewa iwe inazunguka muda wote uwapo mezani.

Lalamiko la mwisho: mafungu hayafanani. La pili limekuja na wekundu ambao la kwanza halikuwa nao, na mimi nilikuwa katikati ya mkufu. Sasa mkufu huo una shanga 19 za fungu la kwanza na 4 za la pili, na hizo 4 nimezipeleka kisogoni, chini ya nywele.