Kalkuleta ya Casio fx-991ES PLUS, kwa mnaoingia kemia semista ya pili

Semista ya kwanza nilivuka na kalkuleta niliyokuja nayo toka sekondari, maana ilikuwa mole, gramu, kubalansi ikwesheni, unazidisha unagawanya imeisha. Semista ya pili sasa ndo ikaja na reti, ikwilibriamu, asidi na besi, bafa, elektrokemia, kila swali lina kumi imepandishwa hasi ngapi sijui halafu unaipigia log. Bumu (hela ya mkopo wa chuo) lilipoingia nikajilipua nikaichukua hii.

Kabla ya yote niliuziwa feki, duka moja Kariakoo jina naliacha, elfu 15 nikajiona mjanja, wiki haijaisha batani ya sifuri ukibonyeza mara moja inaandika mbili. Kurudi naambiwa mali ikishatoka hairudi. Original ikanitoka karibu mara tatu ya hiyo hela, na ndo ninayoizungumzia hapa.

Kilichoniuza ni batani moja tu, ile ya ×10ˣ pale chini. Wengi hawaitumii, wanaandika zidisha, kumi, wanapandisha. Mimi pia, mpaka test ya kwanza. Tukapewa sodiamu asetati 0.10 M (mole kwa lita) tutafute pH, so unaanza na Kb, yaani konstanti ya besi, unagawa 1×10⁻¹⁴ ya maji kwa 1.8×10⁻⁵, ambayo ni Ka, konstanti ya asidi ya asetiki. Nikaandika kwa njia ndefu bila mabano, mashine ikagawa kwa 1.8 peke yake kisha ikazidisha na ile 10⁻⁵, ikanipa 5.6×10⁻²⁰ badala ya 5.6×10⁻¹⁰. Mimi huyo nikaendelea nayo, nikatoka na pH 3.9, chumvi ya besi imekuwa asidi jamani, na nikaipigia mistari miwili chini kabisa! Jibu ni 8.87. Ukitumia ×10ˣ inaichukua namba nzima kama kitu kimoja, mabano huhitaji.

Ya pili ni MODE 5 halafu 3, inakusolvia kwadratiki. Asidi ya asetiki (ile ya kwenye siki) ikiwa 0.10 M huihitaji, unaidharau x (kiasi cha asidi kilichoachanika) pale unapoitoa kwenye 0.10, unapata pH 2.87 safi. Ila wakikushushia mpaka 0.0010 M, x inafika kama asilimia 13 ya asidi yote, ile ruhusa ya kuidharau ikiwa chini ya asilimia 5 imekufa, hapo unaingiza a, b, c inakupa majibu mawili, la hasi unatupa, unabaki na 1.25×10⁻⁴, pH 3.90. Sekunde chache tu. Lakini haioneshi njia, na mwalimu anasahihisha njia, kwa hiyo tebo yako ya mwanzo, badiliko na mwisho uichore mwenyewe.

Konstanti zimo pia, SHIFT 7 kisha 22 ni Faraday, 27 ni R ya gesi, mfuniko una orodha yote. Inatumia sola na betri ndogo ya LR44. Haiprogramiki, kwetu inaruhusiwa kwenye UE (mtihani wa mwisho wa semista), nyie ulizieni kwenu kwanza.

Ukiwa unasoma kozi yenye kemia ya semista moja tu usijitese kuinunua, azima. Ila usije kuazima kwangu, mfuniko wenye zile namba ulikwenda na mtu hosteli toka wiki ya nne, naambiwa kila siku anauleta kesho.