TAHADHARI: Kuna muuzaji anauza Way Down East "kamili" ambayo imekatwakatwa

Jamani wapenzi wa sinema bubu, someni hili kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji mtandaoni anatangaza Blu-ray ya Way Down East, ile ya mwongozaji wa Marekani D. W. Griffith ya mwaka 1920, na anaiita "toleo kamili lililokarabatiwa". Kinachofika ni diski ya kuchomwa nyumbani, filamu imepunguzwa, picha ina ukungu, na muziki umebandikwa tu bila kujali kinachotokea kwenye kioo. Mimi nimeipokea, na wenzangu kadhaa tunaopeana habari za filamu za kale wamepokea ileile. Jina la duka lake halitawasaidia, maana analibadilisha kila malalamiko yanapozidi. Maneno ya tangazo ndiyo hayabadiliki, kwa hiyo shikeni hayo.

Sentensi ya kuikariri ni hii, kwa maana yake: "Haina zile picha mnato zinazokatiza filamu kama matoleo mengine." Mtu asiyeijua historia ya filamu hii akisoma hapo atafikiri ameangukia kitu bora. Ukweli ni kinyume kabisa, na ndiyo sababu nimeamua kuandika kwa urefu.

Way Down East ilionyeshwa New York kwa mara ya kwanza tarehe 3 Septemba 1920. Ilikuwa ndefu, na tangu hapo kila mwenye mkasi aliitamani. Kule Pennsylvania bodi ya ukaguzi ilidai ikatwe sehemu zaidi ya 60. Ndoa ya uongo ikaondolewa, dalili za ujauzito zikaondolewa, hata watazamaji wa jimbo lile wakaona mtoto anatokea ghafla na muda mfupi baadaye anakufa. Mwaka 1931 filamu ilirudishwa sokoni ikiwa imefupishwa na kuwekewa muziki. Nakala za namna hiyo, pamoja na nakala za nakala zake, ndizo zilizozagaa kwa miaka mingi.

Jumba la makumbusho la MoMA mjini New York, lililopokea filamu na karatasi za Griffith miaka ya 1930, ndilo lililokuja kuiunganisha upya. Pale ambapo vipande vya filamu vilikuwa vimepotea kabisa, waliweka picha mnato na maandishi ili mtazamaji asipoteze mkondo wa hadithi. Ukarabati huo ndio uliomo kwenye DVD ya kampuni ya Kino ya mwaka 2008 na Blu-ray yao ya mwaka 2011, na filamu inachukua takribani saa mbili na nusu. Kwa hiyo, ndugu zangu, zile picha mnato ni ushahidi kwamba mtu alikaa akatafuta kila kipande, na alipokosa akasema wazi kwamba hapa pana pengo. Anayejisifu kwamba kwake hazimo anakuambia, bila kujua au kwa makusudi, kwamba mapengo yake yameachwa bila alama. Naamini ni kwa makusudi, kwa sababu kwenye tangazo hilohilo amenakili maelezo ya ukarabati wa MoMA neno kwa neno.

Sasa niwaeleze diski yenyewe. Haifiki hata saa mbili. Kumbukeni filamu inahusu nini: Anna Moore, msichana maskini wa shamba, anatumwa Boston kuomba msaada kwa jamaa zake matajiri. Huko anakutana na Lennox Sanderson, mwanamume mwenye pesa na maneno matamu, anayemfungisha ndoa ya bandia, anampa mimba, kisha anamtupa. Uzito wote wa sehemu ya pili, Anna anapopata kazi kwa mzee Bartlett na kijana David anampenda, unatokana na sisi kujua yaliyompata. Kwenye diski hii ile harusi ya uongo inapita haraka kiasi kwamba usipokuwa makini hutaelewa kuwa alidanganywa. Wale watu wa kijijini, umbea wao na vichekesho vyao, nusu yao hawapo. Hilo la vichekesho ningeweza kulivumilia, maana Griffith hakuwa na mkono mzuri wa kuchekesha.

Ambalo siwezi kulivumilia ni tukio la ubatizo. Mtoto anazidiwa usiku, Anna yuko peke yake chumbani, na mwenye nyumba amekwisha kumwambia mtoto ambaye hajabatizwa hatauona ufalme wa Mungu. Basi anambatiza yeye mwenyewe. Lillian Gish, anayemwigiza Anna, anaicheza sehemu ile polepole, uso wake ukibadilika hatua kwa hatua, na urefu wa tukio ndio unaoumiza. Kwenye diski ya bwana huyu limekatwa katikati. Unaona maji, halafu unaona kilio. Aliyeitazama filamu kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo atabaki akijiuliza Gish alisifiwa kwa lipi.

Na lile tukio la mwishoni la barafu mtoni je? Hapo ndipo kila muuzaji anajua kutangaza, kwa kuwa kila mtu amesikia habari zake. Griffith aliwapeleka waigizaji wake mtoni, White River Junction kule Vermont, mwezi Machi 1920, na sehemu za maporomoko zikapigwa Farmington, Connecticut. Gish analala juu ya pande la barafu linaloelea, mkono na nywele zake vikiburuzwa majini, Richard Barthelmess, anayemwigiza David, akiruka kutoka pande hadi pande kumfuata. Wazo la kuuacha mkono ndani ya maji lilikuwa la Gish mwenyewe, na alieleza baadaye kwamba mkono ule uliendelea kumsumbua kwa miaka mingi. Kwenye nakala nzuri unauona mkono huo. Unaona pia kwamba barafu haina rangi moja, ina vivuli na nyufa, na hapo ndipo hofu inapoingia. Kwenye diski hii barafu, theluji na nguo ya Gish vimekuwa weupe mmoja uliofifia, na mkono hauonekani kabisa.

Nilipomwandikia kulalamika, jibu lake lilikuwa kwamba filamu ina zaidi ya miaka mia, nilitarajia nini. Msikubali jibu hilo kutoka kwa mtu yeyote. Filamu ya milimita 35 iliyotunzwa vizuri ina picha kali kushinda video nyingi za miaka ya 1980. Ubovu wa picha mara nyingi hautokani na umri. Unatokana na kunakiliwa tena na tena, kutoka filamu kwenda filamu ndogo, kutoka hapo kwenda kanda ya VHS, hadi kwenye faili la kompyuta. Jibu lake la pili lilikuwa kwamba haki za filamu zimekwisha. Hilo ni kweli kwa Marekani, yeyote anaweza kuinakili filamu ya mwaka 1920 na kuiuza. Angeandika "nakala fupi, ubora wa wastani, diski ya kuchoma" nisingekuwa na neno naye. Kosa lake ni kuandika kitu kimoja na kutuma kingine, kwa bei inayokaribia ya diski halali. Huko ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Kwa anayetaka kununua, iwe kwake au kwa mwingine wa aina yake, mwulizeni kwanza filamu ina dakika ngapi, na inaanza na maandishi gani, yaani nani ametajwa kama mkarabati. Anayeuza kitu halali anajibu mara moja, kwa sababu anafungua kasha na kusoma. Huyu alinizungusha. Dakika peke yake zisiwatoshe, hata hivyo. Filamu bubu nyingi zilipigwa kwa fremu chache kwa sekunde kuliko 24 za leo, kwa hiyo nakala iliyoendeshwa kwa kasi inapungua muda hata kama haijakatwa. Utaijua kwa mwendo wa watu, wanatembea kama wamechelewa treni. Pungufu ya nusu saa na zaidi, huku watu wakitembea kawaida, maana yake ni mkasi.

Ombeni picha ya diski yenyewe, upande wa chini, pamoja na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Picha za tangazo lake ni za jalada la toleo halali, zimechukuliwa kwingine. DVD iliyotengenezwa kiwandani huwa ya fedha chini, ya kuchomwa mara nyingi ina rangi ya zambarau au buluu. Kwa Blu-ray rangi haiaminiki sana, kwa hiyo itieni kwenye kompyuta yenye kisomeo chake na mtazame sifa za diski. Ikiandikwa BD-R, imechomwa. Kwa haki niseme kwamba zipo kampuni halali zinazochoma diski kwa oda ya mteja, lakini hizo husema wazi. Kwenye diski yangu kulikuwa pia na sehemu ya ukungu kwenye kona ya chini, muda wote wa filamu, mahali ambapo nembo ya kituo cha televisheni imefutwa.

Pia anasema "inacheza kwenye deki zote duniani". Maneno hayo peke yake si kosa, ila tafakarini. DVD za Marekani nyingi zimefungiwa eneo la 1, yaani zinasomwa na deki za huko tu, wakati Afrika Mashariki tuko eneo la 5. Kwa Blu-ray wao ni A na sisi ni B. Diski za kuchoma nyumbani kwa kawaida hazina kufuli hilo. Ukinunua diski halali ya Marekani hakikisha kwanza deki yako itaisoma, hasa ikiwa ndugu ndiye atakubebea kwenye begi na hakuna njia rahisi ya kuirudisha.

Angalieni pia jina la Henry Fonda. Mwaka 1935 hadithi hii ilitengenezwa upya ikiwa na sauti, Henry King akiiongoza, Fonda na Rochelle Hudson wakiigiza. Si filamu mbaya, lakini si hii. Mwenzetu mmoja alipodai abadilishiwe, muuzaji alimtumia hiyo, akidai ndiyo "toleo refu".

Kuhusu malipo, huyu anaanza mazungumzo kwenye soko la mtandaoni kisha anakuvuta nje ya soko hilo: anaomba pesa moja kwa moja, au PayPal kwa njia ya "marafiki na familia", eti mpate punguzo. Kataeni. Malipo ya njia hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi. Ukilipa kama mnunuzi wa bidhaa una siku 180 za kufungua malalamiko, na sababu ya kuandika ni kwamba kitu hakilingani na maelezo. Wenye kulipa kwa kadi wapigieni benki.

Waliokwisha kupokea, msiitupe diski wala bahasha. Pigeni picha ya tangazo kabla hajalifuta, ya upande wa chini wa diski, na ya kioo kikionyesha jumla ya dakika. Mkiambiwa mrudishe kwanza ndipo mlipwe, rudisheni kwa posta yenye namba ya ufuatiliaji tu. Anuani aliyompa mwenzetu mmoja ilikuwa tofauti na ile iliyokuwa kwenye kifurushi, na mzigo uliporudi muuzaji akasema haujamfikia. Namba ile ndiyo iliyomwokoa.